Nionyesheni Zamu ya Usiku

Mhadhara wa muuguzi mkuu mstaafu mbele ya madiwani na wakazi wa kata za kusini mwa Jiji la Arusha. Umeandikwa kama ulivyotolewa.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Assalaam alaykum. Haya, kila mtu amepata yake, tusilaumiane.

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji, wazee wangu shikamooni, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni kama watu wanaodaiwa. Nimealikwa nizungumzie upanuzi wa hospitali katika jiji linalokua. Barua ya mwaliko inasema nieleze "fursa na changamoto". Fursa nawaachia wenye majukwaa yao. Mimi nina neno moja, na walionisikia kabla ya leo wamelichoka: mtu akiniletea ramani ya jengo la hospitali, namwomba ratiba ya zamu ya usiku. Hana? Akunje ramani yake, tukanywe chai.

(Kicheko.)

Chekeni, ila leo hamtoki humu bila kupiga hesabu.

Kwanza tumalize ubishi mdogo, asije akasimama mtu kusema matroni kazeeka, hajui kama jiji limekua. Najua. Sensa ya 1967, mwaka ule ule wa Azimio, Arusha mjini hapakuwa na watu 35,000. Sensa ya 2012 Jiji likawa na watu 416,442. Sensa ya 2022, watu 617,631. Toeni wenyewe: kwa miaka kumi tumeongeza watu 201,189. Manispaa ya Moshi yote, mwaka ule wa 2012, ilikuwa na watu 184,292. Maana yake tumeichukua Moshi nzima, na Pasua yake, na Majengo yake, na Shanty Town yake yenye maua na miti mirefu, tukaiongeza juu ya Arusha, na watu wakabaki. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, nina ruhusa ya kusema hivyo. Na hao watu hawakwenda kukaa pale Mnara wa Saa. Wako Muriet, wako Olasiti, wako Terrat, wako Kwa Mrombo, wako hapa hapa mlipo. Kwa hiyo kama kuna mtu alikuja kunipinga kwa hoja kwamba watu ni wengi, akae, tuko pamoja.

Tunachobishania ni jibu. Kila watu wanapoongezeka, jibu letu ni moja: jenga. Hospitali ya rufaa imejaa, ongeza ghorofa. Wodi ya wazazi imejaa, ongeza wodi. Na ukisema subiri kidogo, unaitwa mpinga maendeleo.

Sasa tupige hesabu. Mwenye simu afungue kikokotoo, mwenye akili za darasa la nne la zamani ahesabu kichwani.

Wiki ina saa ngapi? Siku 7 mara saa 24. Ni 168, vizuri mama. Mtumishi mmoja anafanya kazi saa ngapi kwa wiki? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45. Ofisi nyingi za umma zinakwenda na 40. Mimi, ili msinigombeze kutoka upande wowote, nachukua 42. Gawanyeni 168 kwa 42. Nne. Haina hata baki.

Nne hiyo ni nini? Ni hivi: ili kiti kimoja cha muuguzi, kimoja tu, kiwe na mtu asubuhi, jioni na usiku, Jumapili, Idi na Krismasi, lazima uwe na waajiriwa wanne. Na hao wanne ni wa ajabu. Hawaumwi, hawafiwi, hawaitwi semina Dodoma, hawaendi kufuata dawa bohari. Lakini mwajiriwa wa kweli ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Akijifungua ana siku 84. Wauguzi wetu wengi ni mabinti wa umri wa kuzaa, na wanawahudumia wenzao kuzaa, hamtaki nao wazae? Ongeza homa, ongeza msiba wa baba Rombo ambako huwezi kuzika na kugeuza siku hiyo hiyo. Wanne wanakuwa watano.

Naomba hii muiandike hata mkononi. Mtu mmoja kwenye kiti ni watu watano kwenye orodha ya mishahara.

Endeleeni. Wodi ya wazazi, usiku, mkunga mmoja anatosha? Mama wa kitanda cha kwanza anasukuma, kichwa kinaonekana. Mama wa kitanda cha tatu, aliyejifungua saa moja iliyopita, anavuja damu. Mkunga ana mikono miwili, na yote miwili iko kwa wa kwanza. Anamwita nani, mlinzi? Kwa hiyo wawe wawili. Wawili mara watano ni kumi. Kumi, kwa wodi moja ya kituo kimoja cha afya. Hatujagusa maabara, dirisha la dawa wala mapokezi. Hatujamgusa daktari.

Sasa nionyesheni kituo cha afya chenye wakunga kumi kwa ajili ya wodi ya wazazi peke yake. Taratibu, msigombanie.

(Kicheko.)

Kuna mtu huwa ananiuliza hapa, na namwona leo hajaja, nitamjibu hivyo hivyo. Huwa anasema: "Matroni, kituo chetu kina wauguzi sita jumla na usiku huwa kuna mtu, hesabu zako zinatoka wapi?" Ndiyo, usiku kuna mtu. Aliingia saa mbili usiku. Asubuhi wa kumpokea yuko kliniki ya chanjo, watoto wamejaa mpaka nje, kwa hiyo anabaki mpaka saa sita. Jioni ya kesho yake anarudi. Huyo ndiye mnayempiga picha kwa simu saa tisa usiku amelaza kichwa mezani, mnarusha kwenye makundi, "tazameni nesi wetu amelala mgonjwa anateseka". Mimi sitetei lugha chafu. Muuguzi anayemtukana mzazi mimi nilikuwa namshughulikia na alikuwa ananijua. Lakini huyu aliyelala, kabla hujamrusha mtandaoni, muulize ameamka lini. Kisha uende kwa waliopanga ikama, yaani idadi ya watumishi wa kituo, uwarushe wao.

Niseme na jingine, maana naona mheshimiwa diwani anakunja uso. Sipingi majengo. Wakunga wa umri wangu tunajua kulikuwa na nini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukaonyesha 104. Hayo hayakuja kwa maombi peke yake. Vyumba vya upasuaji vimesogezwa karibu, wodi zimejengwa, na ninayewaambia haya nimeshawahi kusimama kwenye korido yenye wazazi wawili kitanda kimoja na watatu chini. Jengo nimelililia. Ninachokataa ni kuhesabu jengo kuwa huduma. Ukiongeza wodi mbili kwa wauguzi wale wale, ni mtu aliyenunua Noah tatu na dereva ni mmoja: stendi inapendeza, abiria wako pale pale.

Sasa niwape kisa changu. Wanaokijua wavumilie, wengine hawajakisikia.

Kuanzia 2017 vituo vingi vya afya nchini vilianza kupewa fedha za kuvipanua, milioni 400 hapa, milioni 500 pale. Mradi ulikuwa mzuri na nilifurahi nao. Fedha ile ilikuwa ya wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, maabara, chumba cha kuhifadhia maiti, na nyumba ya mtumishi. Hiyo nyumba iwekeni pembeni, tutairudia.

Nilikwenda na timu ya ukaguzi kwenye kituo kimoja kati ya hivyo. Sikitaji, wala msianze kunong'ona, hamkijui. Jengo zuri, bati la bluu, vigae mpaka ukutani. Mganga mfawidhi kijana, ana heshima, "shikamoo matroni, karibuni, karibuni". Akatuzungusha. Tukafika chumba cha upasuaji. Akatafuta funguo. Nikaona anatafuta sana. Mtu anayetumia chumba hatafuti funguo zake hivyo. Zikapatikana kwa mhasibu.

Tukaingia. Taa ya upasuaji iko juu, safi, imefunikwa nailoni. Kitanda cha upasuaji, nailoni. Mashine ya dawa za usingizi, nailoni. Na juu ya kitanda, katoni za vyandarua. Pembeni, mifuko minne ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi, mmoja umeshaganda.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mnapasua saa ngapi humu?" Akasema, "Matroni, tulipasua. Aliletwa mtaalamu wa usingizi. Hapa hakupata nyumba, ile moja anakaa mimi" (hivyo ndivyo alivyosema, anakaa mimi, aibu ilimvuruga Kiswahili), "akapanga chumba mjini. Mchana alikuwa anakuja. Usiku tukimpigia, usafiri hakuna, au simu imezima. Baadaye akaomba uhamisho, akapewa." Nikamwambia, "Kwa hiyo alipokuwapo, akina mama wa kata hii walikuwa wanaomba uchungu uwaanze saa za ofisi."

Hakucheka. Ninyi mnacheka, yeye hakucheka. Na mimi sikuwa namtania. Nilitaka aliandike kwenye taarifa kama nilivyolisema.

Nikamuuliza na swali la pili, lile langu. "Nionyeshe ratiba ya zamu ya usiku." Akaniletea karatasi. Usiku wa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili lilikuwapo jina moja, la msichana mmoja, muuguzi ngazi ya cheti, na chini yake mhudumu wa afya wa kusafisha. Hao ndio walikuwa kituo kizima: vigae, bati la bluu, mamilioni yote yale. Milango miwili ya vioo na binti mmoja.

Kuna watu wanasema sasa tuna namba ya simu ya dharura, 115. Tunayo, na naupenda mfumo wa m-mama kuliko mambo mengi yaliyofanywa miaka ya karibuni. Ulizinduliwa kitaifa 2022, unapiga bure, gari la wagonjwa au dereva wa mtaani aliyesajiliwa anakuja kumchukua mama. Umeokoa watu. Lakini sikilizeni mkunga anavyohesabu. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, mwingine hata hizo hafikishi. Piga simu, subiri gari, pandisha, barabara ya Kwa Mrombo na mashimo yake, mvua ya masika, shuka, faili, subiri chumba cha upasuaji kiwe wazi kwa sababu wa Ngaramtoni na wa Usa River nao wameletwa hapo hapo. Saa mbili zimeliwa na nini? Na safari ya kumpeleka mbali na chumba cha upasuaji alichokuwa amelala hatua ishirini kutoka kwenye mlango wake. Gari linamwondoa mgonjwa mahali pasipo na mtu. Kumleta mtu mahali hapo si kazi yake.

Turudi kwenye nyumba.

Najua mmekwisha hesabu na mmeogopa. Timu ya upasuaji ni nani na nani? Anayepasua. Wa usingizi. Muuguzi anayempa mpasuaji vifaa. Wa kuzunguka kuleta vitu. Mkunga wa kumpokea mtoto. Wa maabara wa damu. Sita hao. Sita mara watano ni thelathini, kwa chumba kimoja cha upasuaji. Hakuna halmashauri itakayopewa kibali cha ajira cha namna hiyo, hata mimi nisingekitoa. Hapo ndipo watu wa mipango wananiambia, "Basi matroni, umejishinda mwenyewe."

Hapana. Kumi wa wodini lazima wawe macho, hilo halina ujanja, mgonjwa halindwi na mtu aliye kwake. Lakini timu ya upasuaji si lazima ikeshe. Inaweza kulala. Mpasuaji alale, wa usingizi alale, wa maabara alale, na akiitwa saa nane usiku aamke, avae kandambili, avuke uwanja, awe anaosha mikono kabla mama hajafikishwa kitandani. Kwa utaratibu huo wa kuitwa, hesabu yangu ya watano inashuka. Wawili kwa nafasi wanaweza kupokezana wiki kwa wiki, watatu ukiwa na bahati, na wakalipwa posho yao ya kuitwa bila kusumbuliwa. Chumba cha upasuaji kinafanya kazi usiku kwa watu kumi na wawili badala ya thelathini. Ila kuna sharti moja. Walale hapo. Sio Sakina. Sio Njiro kwa shangazi. Hapo, ndani ya uzio au ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo nyumba ya mtumishi ni kifaa cha tiba kama ilivyo mashine ya usingizi. Nyumba ya familia mbili chini ya paa moja, jiko, choo ndani, maji, umeme. Nyumba nne za namna hiyo ni watumishi wanane wanaoitika usiku. Sasa niambieni ni kituo gani kimejengewa nne kwa mara moja. Tunajenga moja, anaingia mfawidhi, tunasema tumemaliza. Unajua kwa nini? Nimeshiriki sherehe nyingi za uzinduzi, nimevaa sare na kofia, nimepiga makofi. Mwenge unazindua wodi, unazindua tanki la maji, unazindua madarasa. Sijawahi kuona Mwenge umezindua ratiba ya zamu. Na nyumba ya nesi haina mvuto mbele ya kamera, ina kamba ya nguo nje.

Mheshimiwa diwani ameinua mkono, najua anachotaka. "Ajira si zetu, ni za Utumishi, kibali kinatoka Dodoma." Ni kweli, na hicho kisingizio kimewalea vizuri. Lakini nyumba ni zenu. Kiwanja kilicho jirani na kituo ni chenu, na vingine tumeviona vikigeuka fremu za maduka huku tukiangalia. Mapato ya ndani ni yenu, na halmashauri inaweza kuajiri kwa mkataba, vituo vyenyewe vinaweza kutumia makusanyo yao kumlipa mtu wa mkataba. Vijana waliomaliza vyuo vya uuguzi wako mtaani, wengine ndio hao mlangoni na bodaboda. Inua mkono, wewe wa koti jeusi, ulisoma nini? Maabara. Mnaona? Ana stashahada ya maabara, anatupeleka sokoni kwa elfu moja na mia tano.

(Minong'ono.)

Sasa mtu wa Moshi hapa, najua mmo, ataniambia: "Mbona KCMC, hospitali yetu ya kanda, ni majengo makubwa na inafanya kazi?" Afadhali umeuliza. KCMC ilifunguliwa 1971, na watu wanakumbuka zege. Mimi nakumbuka shule. Kila walipoongeza huduma waliongeza mahali pa kuzaa watu wa hiyo huduma. Chuo cha mafundi wa viungo bandia, 1981. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, 1992. Chuo kikuu cha tiba, 1997. Nenda hospitali yoyote ya kaskazini, za kanisa, za serikali, Machame, Kilema, Kibosho, uliza watumishi wake walikosoma. Ndiyo maana jengo lile lina uhai. Kwa hiyo KCMC usiilete kama hoja ya ghorofa, ni hoja yangu hiyo, niachie.

Ila ninyi watu wa Moshi nanyi mna lenu. Mtu amejikata kidole na panga akikata mkungu wa ndizi, Kibosho kwenyewe ana hospitali anaiona kutoka shambani, anapanda gari mpaka KCMC. Kidole! Hospitali ya kanda, inayopokea wagonjwa wa Manyara, Tanga na kwingineko, inafunga kidole cha mwanakijiji mwenzangu. Na Arusha hatuna cha kuwacheka. Simama asubuhi mapokezi ya hospitali ya mkoa, usihesabu wagonjwa, hesabu sababu. Huyu amekuja kurudia dawa za presha. Huyu za sukari. Huyu kidonda kinabadilishwa bandeji. Huyu mtoto ana mafua. Kwa nini hawakwenda kituo cha kata yao? Walikwenda siku moja, saa moja jioni, wakakuta geti limefungwa, au wakakuta dawa ya presha hakuna, wakaapa hawarudi. Mtu akiapa na hospitali hasahau, anawafundisha na wajukuu. Halafu mipango inatazama ile foleni na kusema: tunahitaji ghorofa.

Foleni ile imezaliwa kwenye kata. Ukiongeza ghorofa pale, umeipa foleni mahali pazuri zaidi pa kukaa.

Na msiniambie bima. Bima ninaiunga mkono, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, na ile ya CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa elfu 30 kwa kaya ya watu sita, nimewaandikisha watu kwa mkono wangu. Lakini kadi inalipia huduma iliyopo. Ukiwa nayo saa tisa usiku mbele ya geti lililofungwa, una kadi na una geti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeshaiona, asante, nami nilivaa saa kifuani miaka mingi.

Basi haya nayakimbiza. Damu: kituo cha kanda cha damu salama kiko Moshi, kwa hiyo kituo cha afya kinachopasua bila jokofu la damu na bila mpango wa kulijaza kinacheza kamari, na ninyi mnaochangia damu siku ya msiba tu mjirekebishe. Dawa: hilo ni somo la siku nzima, bohari, maombi, madeni, naliruka lote. Wazee na misamaha: wazee wangu, mtanisamehe, nilikuwa nimeliandaa, mtendaji wa kata analijua, mfuateni na barua yenu. Uwanja wa AFCON pale Olmoti: nimesikia hospitali zinatakiwa zijiandae kwa wageni wa 2027. Zijiandae. Mechi ni za wiki chache. Uchungu ni mwaka mzima, na hauna mapumziko ya nusu.

Nilichokuja kuwaomba ni hiki. Bajeti ya halmashauri inapita kwenye mikono ya watu waliomo humu ndani, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake, wengine mmechaguliwa na hamjawahi kwenda kikaoni. Safari nyingine mkiletewa mradi wa jengo, msianze na rangi ya bati. Ombeni ukurasa unaosema: usiku wa Jumamosi saa nane, mkunga wa kwanza nani, wa pili nani, wa usingizi nani, na kila mmoja analala wapi. Kama ukurasa huo haupo, rudisheni mradi ukaandikwe upya. Hawatawapenda. Mimi hawakunipenda na nimekula pensheni yangu vizuri tu.

Na wewe kijana wa maabara, usiondoke, mganga mkuu wa Jiji yuko pale mstari wa pili, shati la kitenge. Ndiyo, wewe daktari, usijifiche. Kijana huyu ana stashahada, ana pikipiki yake mwenyewe, na amesema anakaa mtaa huu.

Maswali. Mama wa mtandio wa njano, umenyoosha mkono tangu nilipotaja nyumba. Anza wewe.